Bibi Arusi na Punda Dukani kwa Abdel Hafiz

Tanta, 9 Septemba 1992

Mjomba Wagdi,

Pokea salamu za dada yako Dawlat, ambaye goti linamsumbua ila mdomo ni mzima. Za ndugu yangu Tharwat, ambaye amefuga masharubu na ameniagiza nikwambie. Na zangu mimi, Sawsan wako, mpiga chapa. Mapera yameanza kuingia sokoni na nyumba nzima inanukia mapera. Hatujambo. Nawe huko Sharjah natumaini joto limeanza kukuonea huruma.

Sasa nikwambie jambo lenyewe, maana linaniwasha. Duka la marehemu baba Abdel Hafiz liko mashakani. Wanafunzi wanakuja na tasnifu zao, wanaitazama mashine ya chapa, wananiuliza kwa adabu kama nina kompyuta, kisha wanavuka barabara. Tharwat anasema kupiga chapa kumekufa na kuzikwa, tufungue duka la kanda za video. Ameshamleta seremala kupima ukuta. Mama, ili tusitoane macho, ameamua hivi: nina muda mpaka sikukuu ya Sham el-Nessim, mwezi wa Aprili. Ikifika siku hiyo duka halijapata kazi ya kulisimamisha, funguo anapewa Tharwat.

Lakini kuna mlango. Unamkumbuka Dk. Rizqallah wa jiografia, yule anayevaa koti hata Agosti? Kwa miaka thelathini amekuwa akikusanya habari za vijiji vyote vya Delta, kwa mkono wake, kurasa elfu moja na zaidi. Anataka kitabu kichapwe kwa kompyuta, na mwishoni kiwe na faharasa: kila kijiji na kurasa zote kinapotajwa. Ofisi itakayomkabidhi kabla ya Sham el-Nessim itapewa na tasnifu zote za kitivo. Alinitazama juu ya miwani akasema, "Binti, sitaki uzuri tu. Nataka nikiita kijiji, kiitikie."

Nikatoka pale miguu haigusi ardhi. Tatizo ni kwamba kompyuta zipo za aina mbili na hazisikilizani hata kidogo. Diski ya huyu, yule haisomi. Nilimpeleka mama kuziona akazipa majina hapo hapo. Ya kwanza ni Bibi Arusi: mdogo, mweupe, ana kipanya chake, na ukurasa unauona kwenye kioo vilevile utakavyotoka kwenye karatasi. Programu yake ya kuandikia ni Sahifa. Ya pili ni Punda: wa kijivu, kioo cheusi, kila amri uikariri, lakini anabeba chochote na vipuri vyake vipo kila kichochoro cha Cairo. Yeye ana Khattat ya kuandikia na Jadwal ya kupangia majedwali. Wauzaji wote wawili wameapa kwa watoto wao.

Wewe ndiye mtu wa kompyuta katika ukoo huu. Nimlete nani nyumbani? Nijibu upesi, sina usingizi kwa furaha na kwa hofu.

Mpwa wako,
Sawsan


Sharjah, 1 Oktoba 1992

Binti wa dada yangu, mrithi wa duka,

Barua yako imenikuta mzima, Alhamdulillahi. Mbusu dada yangu goti. Mwambie Tharwat masharubu hayajawahi kufungua duka, hata la video.

Kuniuliza mimi swali hilo ni kama kumwuliza muuza bata kama bata ni mtamu. Bibi Arusi, mwanangu! Hapa gazetini ninapanga kurasa naye mwaka wa tano huu. Unavuta picha kwa kipanya, inakuja. Unapanua kichwa cha habari, kinapanuka. Unachokiona ndicho unachokipata, na ni wangapi duniani wa hivyo? Punda namfahamu vizuri. Unamwandikia Kiarabu, anakuonyesha herufi zimekaa mbalimbali kama ndugu waliogombana msibani. Ukikosea nukta moja katika amri, anagoma, wala hakwambii kwa nini. Anauzwa kila kichochoro kwa sababu kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na usisahau, fadhila za punda ni mateke.

Usinunue kitu. Shawqi, mwenzangu wa hapa, anarudi nyumbani kwa meli katikati ya mwezi, na nitampa Bibi Arusi akuletee pamoja na diski za Sahifa. Nimempataje si kazi yako. Kazi yako ni kitabu cha Dk. Rizqallah. Nimefurahi mno, Sawsan. Tangu asubuhi najiona nimekaa tena kwenye kile kibaraza cha duka lenu.

Huku kazi ni kazi. Sina jipya.

Mjomba wako,
Wagdi


Tanta, 27 Oktoba 1992

Mjomba,

Sote tuko hai, na mara hii sisemi kwa mazoea. Ulisikia habari ya tetemeko la tarehe kumi na mbili. Hapa Tanta plasta ya dari iliangukia kiti cha mama dakika ile ile aliyoinuka kwenda kumgombeza mtu wa gesi. Tangu siku hiyo anamwombea dua yule mtu wa gesi kila sala. Maulidi ya mji wetu yamefanyika hivyo hivyo, watu wakinunua halua huku wakitazama juu.

Barua yako ilikaa njiani wiki tatu. Mimi nilisubiri mpaka tarehe kumi na tano, nikaona siku zinaniisha, nikaenda kumleta Punda. Usinune. Mjomba, ana nguvu yule! Niliandika majina ya vijiji mia mbili kwenye Jadwal bila mpango, nikampa amri moja, akayapanga kwa alfabeti kabla sijameza funda la chai. Nilipiga kelele mpaka mpishi wa koshari wa jirani akaja mbio akidhani ni tetemeko tena.

Halafu tarehe ishirini Shawqi akaingia mlangoni na Bibi Arusi amefungwa kwenye mfarishi. Tukamfungua, tukamwasha, akatoa sauti moja laini, na mama akavutiwa akasema hata mashine za watu wengine zina malezi. Sasa wamekaa meza moja, huyu kulia na yule kushoto, na mimi katikati. Mama anasema nimeleta ukewenza dukani na nisije nikamlilia.

Nisaidie: nimtumie yupi kwa kazi ipi? Na swali dogo. Nyuma ya Bibi Arusi kuna kibandiko cha gazeti lako na namba saba. Kama ni mzuri kiasi hicho, gazeti limeachana naye vipi?

Sawsan


Sharjah, 20 Novemba 1992

Sawsan, mwenye mitala,

Nimecheka mpaka mwenye nyumba kagonga ukuta. Salamu kwa dada yangu, na kwa mtu wa gesi pia.

Haya, umeshaoa wawili, sasa fanya uadilifu. Kitabu kizima kiandike kwa Bibi Arusi, kwenye Sahifa, kwa sababu hakuna atakayekupa ukurasa mzuri kama yeye. Faharasa mwachie huyo hayawani wako. Ndani ya bahasha hii kuna diski yenye programu ndogo inayotafsiri maandishi ya huyu yakasomeka kwa yule. Tuliitumia sana hapa. Ukimaliza kitabu, kihamishie kwa Punda, mpe orodha ya vijiji kutoka Jadwal, naye akutafutie kila jina liko ukurasa wa ngapi. Akishindwa hata hilo, mfunge mkokoteni.

Kibandiko kinatoka kwa maji moto na sabuni.

Wako,
Wagdi


Tanta, 14 Januari 1993

Mjomba wangu mpenzi,

Baridi imeingia na mama amevaa soksi tatu tatu. Tharwat ana mafua, anajifanya kama mtu anayeandika wasia. Sisi wengine wazima.

Nina kurasa mia saba na arobaini! Vidole vyangu vinaijua Sahifa sasa kama nilivyoijua mashine ya chapa. Wiki iliyopita Dk. Rizqallah alikuja kuona. Nilimchapia sura ya mkoa wa Gharbia, akaishika karatasi kwa ncha za vidole kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Akasema tangu azaliwe hajaona mistari ya Kiarabu imenyooka hivi pande zote mbili. Mistari yangu, Mjomba, hakuna hata mmoja uliopungukiwa. Ukuta wa kulia na ukuta wa kushoto, kama kabati la fundi wa Damietta. Nilijisikia kuruka. Hata Tharwat, na mafua yake, alisema si mbaya.

Nikimaliza nahamishia kwa Punda, kama ulivyosema. Ninaliona duka limeshasimama. Umekaa kimya sana kuhusu mambo yako. Kwani hata chakula huli siku hizi, au gazeti linakumaliza?

Sawsan


Tanta, 9 Februari 1993

Mjomba,

Mama anakusalimia. Sijamwambia ninayokwambia wewe.

Vijiji vimekataa kuitikia. Nilimaliza kitabu tarehe tatu, kurasa elfu moja na sitini, nikakihamisha kwa diski yako, nikampa Punda jina la kwanza: Shubrakhit. Akajibu, haipo. Nikafungua ukurasa, nikaiona Shubrakhit kwa macho yangu, imekaa katikati ya kioo inanitazama. Nikamwuliza tena. Haipo. Nimejaribu majina yote elfu tatu ya orodha. Yaliyoitikia hayafiki mia tisa, na hata hayo yanaitikia ukurasa mmoja yakiruka mitano. Faharasa ya hivyo ni bora isiwepo.

Nasema wazi: huyu Bibi Arusi wako ametuharibia. Punda nilimwandikia majina mia mbili kwa mkono wangu akayapata yote. Haya yaliyotoka kwa Arusi ndiyo hayaonekani. Ni mzuri wa sura, moyoni hamna kitu. Ningemsikiliza yule muuzaji wa Punda, sasa hivi ningekuwa nimemaliza.

Dk. Rizqallah kapita leo akauliza, nikamwambia mambo yanakwenda vizuri. Nimemdanganya mzee wa watu. Na rafu za Tharwat zimefika, zimesimamishwa uani zimefunikwa turubali. Vita vya panzi furaha ya kunguru. Nimebakiwa na miezi miwili na siku kumi. Fanya kitu.

Sawsan


Sharjah, 24 Februari 1993

Sawsan,

Ramadhani njema kwenu nyote, Mungu awape nguvu ya mfungo.

Nimesoma maneno yako na sikuyapenda. Miaka mitano Bibi Arusi ametoa gazeti kila asubuhi bila kupoteza hata jina la marehemu kwenye tangazo la kifo, na wewe kwa miezi mitatu umeshamwita hana moyo. Anayesema hakuona ni Punda. Basi mlaumu asiyeona.

Tena hili halihitaji ugomvi. Fanya jaribio moja. Fungua kitabu kwenye Sahifa yenyewe, kwa Arusi, kabla ya kuhamisha chochote, umwamuru atafute Shubrakhit. Akiipata, kosa ni la Punda au la njiani. Asipoipata, nitakuomba radhi kwa maandishi. Niandikie matokeo siku hiyo hiyo.

Wagdi


Tanta, 9 Machi 1993

Mjomba,

Mfungo unakwenda. Mama anatengeneza katayefu na kuzila mwenyewe akisema anaonja za kesho.

Kuhusu jaribio lako sina la kusema leo.

Nimekuwekea ukurasa wa 212 kama ulivyotoka. Utazame wewe mwenye macho ya gazeti, uniambie kosa liko wapi, maana mimi nimeutazama mpaka machozi yamenitoka na sioni ila uzuri. Siku zimebaki arobaini na moja.

Nilikutana na mke wa Shawqi sokoni. Nikamwuliza habari zako za kazini, akaanza kuchagua bamia kwa bidii ambayo sijapata kuiona. Kibandiko sikukitoa. Bado kipo, na swali langu bado lipo.

Sawsan


Sharjah, 20 Machi 1993

Sawsan mwanangu,

Barua hii anakuletea mtu anayerudi kwa Idi, ili isichelewe hata siku. Isome umekaa.

Niliuweka ukurasa wako mezani, nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.

Kashida. Umejaza kashida kila mstari. Herufi zetu zimeshikana mikono, kwa hiyo neno lolote unaweza kulivuta kwa kile kitufe cha kuvutia mpaka mstari ufike ukingoni. Kwenye mashine ya chapa hiyo ndiyo kazi ya mpiga chapa hodari: anaona nafasi imebaki, anabonyeza kashida mbili hapa, tatu pale, mstari unafika. Wewe umeifanya kazi hiyo kwa mkono, mstari kwa mstari, kurasa elfu moja na sitini. Sijui nikusifu au nilie. Kwa jicho, jina lililovutwa ni Shubrakhit. Kwa mashine ni Shubrakhit iliyopachikwa vijiti vitatu tumboni. Ukimwuliza ile isiyo na vijiti, anakwambia haipo, na hasemi uongo. Kwa Punda hivyo, kwa Arusi hivyo. Ndiyo maana jaribio langu hukulijibu. Ulilifanya, na Arusi naye hakuona. Ukaona haya kuniandikia, kwa kuwa ulikwisha mtukana.

Usione haya. Hili si kosa la Arusi wala la Punda, na wala si lako. Nani alisimama nyuma yako ukiwa na miaka kumi na miwili, rula mkononi, akakwambia mstari usiofika ukingoni ni mtu aliyetoka nyumbani bila viatu? Ni mimi. Samaki nilimkunja angali mbichi, sasa nimekuja kushangaa hakunjuki.

Dawa ni hii. Fungua kitabu kwa Punda kwenye Khattat. Mpe amri ya kubadilisha, F7, uandike kashida moja, na mahali pa badala yake usiandike kitu. Mwambie afanye kitabu kizima bila kukuuliza. Utaona mistari inapinda ovyo; usiogope, mwache. Kisha tafuta vijiji vyako. Halafu kile kitabu kilichosafishwa kirudishe kwa Arusi, uchague kitabu chote, ubonyeze ile alama ya mistari sawa iliyo juu ya kioo. Atanyoosha mwenyewe, na majina hayataguswa. Kurasa zikihama, utaitoa faharasa upya kwa kufuata kurasa za Arusi. Kwa mara ya kwanza hawa wawili watahitajiana.

Utajiuliza mimi nimeijuaje amri ya Punda. Nilikwenda kuuliza gazetini. Nilisimama mlangoni kama mgeni, Sawsan, kwa sababu mimi pale ni mgeni. Tangu Agosti waliondoa Bibi Arusi wote kumi na wawili wakaleta Punda. Wenzangu walijifunza kwa wiki tatu. Mimi nikasema mbele ya wote, mkimtoa huyu namba saba mnitoe na mimi. Wakanipa namba saba, pamoja na barua ya kuniaga. Sasa natoa nakala za pasipoti za watu kwenye duka la karatasi. Barua zote nilizokuandikia nikimsifu Arusi nilikuwa najitetea mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua; nimeona nijiumbue mwenyewe mapema.

Nilikuahidi kukuomba radhi kwa maandishi. Haya ndiyo maandishi. Mama yako usimwambie bado. Sasa amka, ukimbie dukani.

Mjomba wako,
Wagdi


Tanta, 21 Aprili 1993

Mjomba, Mjomba, Mjomba,

Wote wazima, goti zima, salamu zote ulizonazo mwaka huu zichukue kwa pamoja, sina subira ya kuziandika moja moja.

Barua yako iliniingia mkononi siku ya pili ya Idi nikiwa na biskuti ya kahk mdomoni. Nililia kwa habari yako, halafu nikakukasirikia kwamba umekaa na mzigo huo miezi saba peke yako, halafu nikakimbia dukani na nguo za sikukuu. Nikampa Punda amri. Alianza adhana ya adhuhuri inaadhiniwa, akamaliza karibu na alasiri, na mimi muda wote nimekaa mbele yake nimeshika mikono yangu isije ikagusa kitu. Akaandika: zimebadilishwa 41,206. Kashida elfu arobaini na moja, Mjomba, kwa kidole changu hiki. Nikaandika Shubrakhit. Akaitikia kurasa kumi na nne. Nikaandika Desuq, nikaandika Basyun, nikaandika vijiji ambavyo sijui hata viko wapi, na vyote, vyote vikaitikia. Nilikuwa peke yangu dukani nacheka kama mwehu.

Bibi Arusi akanyoosha mistari mwenyewe kwa dakika nane, nami nikaitoa faharasa upya kwa kurasa zake. Nilimwomba radhi kwa sauti. Nawe naomba uniwie radhi, niliyasema yale kwa woga.

Dk. Rizqallah alikuja tarehe kumi na tatu. Nikampa kiti mbele ya Punda nikamwambia, ita unayemtaka. Akavua koti, Mjomba. Akaandika kwa kidole kimoja Kafr al-Tirmis. Ni kitongoji cha mama yake, nyumba ishirini tu, zamani kimemezwa na mji. Punda akajibu: ukurasa wa 88, wa 412, wa 1031. Akasema kurasa mbili za kwanza anazijua, huo wa tatu si wake. Tukafungua. Kilikuwa kwenye maelezo ya chini ya mfereji mmoja, aliyoyaandika mwaka 1964 akayasahau: kwamba mfereji ule una kivuko karibu na Kafr al-Tirmis, na maji yake yanafika magotini, alivuka hapo na mama yake. Akasema, "Kimeitikia." Akatia saini karatasi ya tasnifu za kitivo pale pale, juu ya Punda.

Siku ya Sham el-Nessim tulikuwa bustanini na mayai ya rangi na fesikhi, samaki wa chumvi wenye harufu ya kufukuza majini. Mama akatoa funguo kifuani mwake, akanipa mbele ya wote, na hakusema hata neno moja, jambo ambalo halijatokea tangu nimfahamu. Tharwat alinuna mpaka tikiti maji lilipokatwa. Nimempa ukuta mmoja wa duka kwa kanda zake, na tayari amegeuka mtu wa maana.

Sasa nisikilize vizuri. Tasnifu zinaanza kuingia Juni, thelathini na mbili kwa mpigo. Mashine ni mbili, mikono ni hii yangu tu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kiti cha Bibi Arusi kipo wazi, na hakuna mtu Tanta nzima anayemjua kama wewe. Mama nimemwambia yote, nihukumu utakavyo. Alisema: "Kumbe yupo huko anatoa nakala za pasipoti za watu, na yake mwenyewe ameisahau." Rudi, Mjomba. Sikuiti kwa huruma. Nakuita kwa kazi.

Sawsan


Sharjah, 8 Mei 1993

Sawsan, mwenye duka,

Nimeisoma barua yako dukani, nimesimama kwenye mashine ya nakala, na mteja mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimepata kazi.

Ninafika Cairo tarehe mbili Juni, na Tanta kwa treni ya mchana. Mwambie dada yangu asichinje bata, nitapitia dukani kwanza. Mwambie pia maneno yake ya pasipoti yamenifika.

Ila kiti cha Bibi Arusi kaa wewe. Mimi na yeye tumeshajuana. Hana la kunifundisha, na kama nitakaa hapo nitakuwa nimekuja Tanta kujificha tu, kama nilivyojificha huku. Niweke kwa Punda. Nina miaka hamsini na miwili na kitu ninachokijua kwake ni amri moja, ile ya F7, nayo niliikariri nikiwa mlangoni.

Nina ombi moja tu. Asubuhi, kabla hujafungua mlango wa mbele, nipe saa moja. Nifundishe amri moja kwa siku, polepole, na ukiona nimekosea, usicheke mpaka nicheke mimi kwanza.

Mwanafunzi wako,
Wagdi